Salamu Iliyomwangusha Mlinzi

Kwenye kituo chetu cha intaneti pale Sumbawanga kuna kompyuta moja ambayo kazi yake ni kukaa mlangoni tu. Simu yako ikitaka kuingia mtandaoni, inaiuliza: jina? neno la siri? Ikiridhika, unapita. Tuliiita Mlinzi, na kama walinzi wengi ninaowajua, ina kelele nyingi na moyo mwepesi.

Siku hiyo alikuja binti kutoka Matai, amesindikizwa na bibi yake. Maombi ya chuo cha uuguzi yalikuwa yanafungwa jioni ileile. Binti alishajaza kila kitu, bado kutuma tu, mara Mlinzi akazimia. Intaneti ipo nyuma yake, nzima kabisa, ila wa kufungua mlango hayupo.

Bosi akamwasha. Akaamka, akazimia tena.

"Dogo, umemfanya nini?"

"Mimi? Bosi, nilikuwa nakula muhogo!"

Binti akaanza kulia kimya kimya. Machozi ya watu huwa yananiambukiza, nikageukia pembeni kujifanya nakagua waya. Ndipo nikamwona bibi kwenye benchi, anabonyeza simu yake kwa kidole kimoja kama anaua chawa.

"Shikamoo bibi. Unafanyaje?"

"Marahaba. Napiga hodi, wananinyamazia. Kila wakinyamaza narudia."

Nikachungulia. Kwenye kisanduku cha jina alikuwa ameandika: hodi wenye nyumba, hamjambo, mmeamkaje, mimi natoka Matai, mvua kwetu nzuri, mahindi yamesimama, ulezi ndiyo hivyo, nimemleta mjukuu wangu... Yaliendelea. Mlinzi alizoea majina mafupi. Habari zote hizo zilimkaba koo. Na kila bosi alipomwamsha, bibi alimpigia hodi nyingine.

"Bibi, hapo wanataka jina tu."

"Niingie kwa watu bila salamu? Mimi mbuzi?"

Mama yangu naye angesema hivyohivyo.

"Basi, bibi, Mlinzi anaumwa. Tuzime simu kidogo apumzike."

"Masikini! Si mngesema?"

Akazima. Bosi akamwasha Mlinzi, safari hii akasimama. Binti akatuma. Kioo kilipoandika kwamba maombi yamepokelewa, akamrukia bibi yake mpaka kilemba kikaanguka.

Bibi akakiokota, akaniuliza, "Mgonjwa je?"

"Amepata nafuu."

"Mpe pole yangu."

Nikaiinamia ile mashine nikaipa pole, bosi anacheka hadi anashika meza. Acheke. Siku moja nitatengeneza Mlinzi wangu, atakayemsikiliza mtu wa Matai mpaka mwisho, mvua, mahindi na ulezi, halafu aitikie: karibu, bibi, pita.