Kitambaa Changu na Kompyuta ya Nekesa

Kumbe ni mimi nimekuwa nikiikata ile kazi ya Nekesa!

Msinicheke. Naongea tu, simu inaandika yenyewe.

Binti yangu Nekesa ana programu inavuta mafaili kutoka kompyuta kubwa ya ng'ambo. Anaiacha mezani ikivuta, anaenda kazini. Akirudi, imekatika. Wiki nzima! Na bosi anataka hiyo kazi kesho.

Leo amempigia Brayo, kijana wa ofisini kwao aliyeiandika hiyo programu, simu ikiwa kwa spika.

"Brayo, umeniangusha!"

"Pole, dada. Lakini kompyuta haifungwi kweli? Ikifungwa inalala, haivuti tena."

"Nani aifunge? Niko na mama tu hapa, na yeye kazi yake ni kufuma vitambaa!"

Uwiii.

Si mnajua vumbi la huku Doha? Linapenya hata dirisha likifungwa. Sasa Nekesa akitoka tu, naifunga kompyuta, naitandikia kitambaa cheupe juu, vile tulikuwa tunafunika TV nyumbani. Jioni naikunjua tena vile aliiacha. Kitu cha bei utakiachaje wazi?

Nikaendelea kufuma.

Brayo akaomba msamaha tena. Na ndiye hunipeleka kanisani huko Mesaimeer kila Ijumaa, maana huku ibada ni Ijumaa, ananifungulia mlango wa gari kama mamake!

Nyinyi mngesema? Nimeingia chumbani, nawaambia nyinyi kwanza.

"Mama! Njoo, Brayo bado yuko kwa simu, anataka kukusalimia!"

Haya, naenda. Nitaanza na yeye kusema ukweli.