Kadi Isiyo na Akili

Kitengela watu wananijua kwa jina la kazi. "Video, sogea kidogo." "Video amepewa chakula?" Kwa miaka mingi nimerekodi harusi, mazishi na ibada za shukrani, kuanzia hapa hadi Kajiado mjini na kupita, na sidhani kuna familia tatu zinazojua naitwa nani. Silalamiki sana. Mtu mwenye kamera begani haulizwi ataolewa lini, na swali hilo nililichoka zamani.

Wateja huchukua nakala yao, huwaonyesha majirani mara mbili, kisha huipoteza. Mimi huweka. Kila kitu nilikihifadhi kwenye diski nne ndani ya kompyuta moja pale sebuleni, seva yangu ya nyumbani. Nilizipanga zifanye kazi pamoja, kila faili ikatwe vipande na vipande vigawanywe kwa zote nne, kwa hiyo ukichomoa mbili huoni chochote. Jumamosi nilikuwa katikati ya umati, Jumatatu niko peke yangu nikiwatazama tena watu walewale wakicheka. Najua inavyosikika. Nilikuwa mpweke, na hiyo ndiyo njia niliyoipata.

Mwaka jana stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, ikaunguza bodi ya ile kompyuta. Diski zilipona. Nikatafuta kompyuta nyingine iliyotumika ofisini kwa watu, nzuri tu, ila bodi yake ilikuwa na nafasi mbili za kuchomeka diski. Mbili! Diski zangu nne, nyumba yao nafasi mbili. Nikaambiwa nitafute kadi ya kuongezea diski, ile inayopachikwa kwenye bodi na kuleta nafasi zaidi.

Lingekuwa jambo la subira, isipokuwa kwamba mama alikuwa amefariki miezi michache kabla. Ndani ya diski hizo mlikuwa na siku ya shukrani yake, pale nyumbani Kajiado, alipohamia nyumba ya mawe ambayo sisi watoto tulimjengea. Hakuna aliyenituma nirekodi. Nilijipa kazi mwenyewe, ili nisikae na wageni. Nilikumbuka vizuri kwamba mama alinifuata nikiwa nyuma ya kamera akanisalimu kwa Kimaa, "Takwenya," vile mkubwa anavyomsalimu mwanamke, nami nikamwitikia, "Iko," kama inavyotakiwa. Simu yangu ya zamani iliibwa pamoja na sauti zake zote. Salamu ile ndiyo mahali pekee palipobaki ambapo mimi na mama tunazungumza.

Basi nikanunua kadi kwa pupa. Nilichagua ile iliyosifiwa kuliko zote mtandaoni, yenye kumbukumbu yake na betri yake, nikidhani kubwa ndiyo salama. Nikaipachika, nikaunga diski, nikawasha. Kadi ikazitazama diski zangu kama hazijawahi kuonana na binadamu. Ikaandika kwenye skrini kwamba imepata diski nne mpya, ikauliza kama izifute na kuziandaa upya. Na mimi, mjuaji, kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukubali, maana maisha yangu yote kompyuta zikiniuliza kitu nakubali. Sijui nini kilinizuia. Nilichomoa waya ukutani, nikakaa sakafuni. Wiki mbili sikuigusa seva ile, hata vumbi sikuifuta.

Mwishowe nilienda Ngong. Nyuma ya soko kuna fundi, mkubwa kidogo kwangu kwa umri, anayevunjavunja seva kuukuu za maofisi na kuuza vipande. Nilimweleza nilichofanya. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Hiyo kadi ni ya akili mingi," akasema. "Inataka disk zikuwe zake. Inapanga vile inataka. Sasa wewe ulikuwa umepanga zako, ikaona ni takataka. Kwani uko na nini huko ndani?"

"Ni kazi tu."

"Kazi gani hiyo inakutoa Kitengela?"

"Mama yangu ako hapo," nikasema. "Sauti yake."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilimwambia mtu niliyemjua kwa nusu saa, kati ya marundo ya nyaya. Fundi akavaa miwani yake. Hakucheka tena.

"Pole sana, dada. Basi usichukue ya akili." Akapekua katoni, akatoa kadi ndogo yenye kipande cha chuma kilichojaa vumbi. "Hii nilitoa ile programu yake ya kwanza, nikaweka ingine. Saa hii haina akili hata kidogo. Inashika disk, inaonyesha kompyuta vile iko, inanyamaza. Lakini inashika moto, lazima uiwekee feni."

Kesho yake asubuhi, malori ya mawe yakipita nje na kutikisa madirisha, niliipachika ile kadi bubu. Feni niliifunga kwa vibanio vya plastiki, kazi mbaya, lakini ilizunguka. Nikawasha. Diski zikajitokeza moja baada ya nyingine, zote nne, kwa majina niliyozipa mwenyewe. Nilipiga kelele, halafu nikaona aibu, ingawa hakuna aliyenisikia. Nilinakili siku ya shukrani kwanza, mara mbili, mahali pawili. Kisha nikaifungua.

Kwaya. Mchungaji. Wazee kwenye viti vya plastiki. Kamera imetulia juu ya keki, na mama anaingia kutoka kulia akiwa na sahani iliyofunikwa sahani nyingine. Anasimama katikati kabisa ya picha, ananitazama. Si kamera anayoitazama, ni mimi, kidogo juu ya lenzi.

"Takwenya," anasema.

Nikangoja sauti yangu.

Haikuja. Alingoja yeye pia, sahani mikononi, akitabasamu. Mahali pa jibu langu palikuwa na kwaya tu. Bila shaka, sauti ya mpiga video haitakiwi kuingia kwenye kazi, nimewafundisha wengine hivyo mimi mwenyewe. Kisha chini ya picha ukatokea mkono. Ninaujua, una saa ninayoivaa hadi leo. Ukapunga mara mbili, vile ninavyowapungia wageni wote wanaoziba keki: sogea, sogea kidogo.

Nilisema "Iko." Nilisema kwa sauti, peke yangu sebuleni, nikarudia.

Mama alitazama ule mkono. Akasogea kando haraka, kwa adabu, kama mtu aliyekosea njia, akasimama pembeni akiwa bado ameishika sahani yangu.