Mtani wa Msiba wa Babu

Wali ukiungua tu, harufu ya ukoko ikapanda, namkumbuka Bi Somoe, mtani wetu kutoka Mbwara. Siku tuliyomzika Babu, kijijini kwetu Mbwera, alivaa gunia, akakomba masufuria ya msiba, kisha akajibwaga mbele ya jeneza. "Hazikwi mtu hapa! Huyu mtumwa wetu, babu yangu alimnunua kwa chumvi. Nipeni kuku wangu kwanza!" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo kazi ya mtani, jamani: kumtukana maiti ili wafiwa wapumue.

Bwana Mshamu peke yake hakucheka. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa vyama vingi, naye aligombea uenyekiti wa kijiji akishindana na baba yangu. Haukupita muda, maneno yakazagaa: mtoto wa mtumwa awatawale waungwana? Wee! Salamu zikawa za mdomoni tu. Kisimani wanawake walinyamaza nikifika. Mama akawa anaonja kila mboga tuliyoletewa, asije mtu akatulisha kitu. Alisema neno lile likitung'ang'ania, sisi mabinti hatuposwi na mtu.

Baba akaagiza Bi Somoe aletwe, aeleze mkutanoni kwamba ule ulikuwa utani. Akafika asubuhi, lakini hakwenda kwa Baba. Alipitiliza chumbani kwa Bibi aliyekuwa amekaa eda, wakanong'ona mpaka chai yao ikapoa. Nikawachungulia mlangoni, nikaapa moyoni: huyu kashanunuliwa na Mshamu! Nilimchukia.

Mkutanoni akashika kiuno. "Wewe Mshamu, kwenu hamna watani? Ule ulikuwa utani!" Kijiji kizima kikaangua kicheko, na mikono iliponyooshwa, Baba akashinda.

Alirudi nyumbani anatabasamu, moja kwa moja hadi mlangoni kwa Bibi. "Mama, umesikia? Ulikuwa utani mtupu."

Bibi hakuinua uso, aliendelea kuchambua mchele. "Somoe mtoto mwema," akasema. "Alikuja kwanza kuniuliza aseme lipi."

Baba akakaa chini pale pale kizingitini. Mimi nilidhani amechoka na mkutano, nikamkimbilia na maji ya kunywa. Hakuyapokea. Nimekuwa mtu mzima, nina wajukuu, ndipo nikajiuliza alichokuwa anajiuliza yeye jioni ile: ungekuwa utani mtupu, Somoe angekuwa na nini cha kumuuliza Bibi?