Hapana Yangu na Mgongo wa Bi Rukia

Chekeni kwanza mmalize, maana najua wengine wenu mmeshaiona ile video na mnajifanya tu hamjaiona. Ndiyo, ni mimi yule mwenye buibui lililolowa matope mpaka magotini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nabisha milango ya watu na Kisauni nzima imetoka kunitazama. Nimeaibika, sikatai, na aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu miwili, lakini kuhama sihami na ukurasa wangu siufungi, na anayetaka kujua ilivyokuwa akae anisikilize mimi mwenyewe, badala ya kupewa habari na majirani ambao wameshaitia chumvi mpaka hailiki.

Mimi nafanya kazi duka la kopi (watu huja na vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi), na mchana kukipoa sina la kufanya ila simu. Ndipo nikaanzisha ukurasa wa kuwahimiza watu wajiboreshe, nikauita Nafsi Mpya. Mwanzo nilikuwa mwema kabisa. Niliandika kunyweni maji, laleni mapema, shukuruni kwa mlicho nacho, na wallahi nilikuwa nikipata mioyo minne, na miwili katika hiyo ni ya mdogo wangu Zuhura kwa simu zake mbili.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa kirahisi. Nikakaa nikazisoma posti za wenzangu zinazovuma, moja baada ya moja, kama mtu anayesomea mtihani, nikaiona siri. Hakuna anayevuma kwa kuwaambia watu wanywe maji! Posti inayovuma huanza na neno la ukali, halafu sentensi fupi fupi, kila moja na mstari wake, na picha ya mtu anayetazama kando kana kwamba ameitwa. Na kubwa kuliko yote, ndani yake lazima awemo mtu mbaya. Msomaji hataki kuambiwa abadilike, anataka kuambiwa ni nani anayemzuia, na ukishampa huyo mtu mbaya, awe mkubwa wa kazini, awe wifi, awe rafiki, basi kila mtu humvisha sura ya hasimu wake mwenyewe na kuipeleka posti kwa wenzake kumi. Hayo nayasema leo na bado naamini ni kweli, mwenye kubisha na abishe. Shida yangu ilikuwa moja tu, mtu mbaya sikuwa naye.

Basi Alhamisi moja akanijia dukani Bi Rukia.

Bi Rukia ni jirani yetu, mtu mzima, rika la mamangu, na mtaani kwetu shughuli haiendi bila yeye. Mtu akiwa na harusi, mpishi huja asubuhi na masufuria yake na kuni zake, lakini mchele anataka aukute umeshachambuliwa na vitunguu na thomu, yaani vitunguu saumu, vimeshamenywa, na kazi hiyo ni ya wanawake wa mtaa, hufanywa jana yake, bure, kwa gumzo na kahawa. Na wanawake hao hawajiendei tu. Bi Rukia huzunguka nyumba hadi nyumba, anabisha, anasalimu, anauliza hali za watoto na za wagonjwa, ndipo anasema fulani ana shughuli, twendeni tukamsaidie. Asiyealikwa kwa mdomo haji, na asiyekuja hukumbukwa.

Safari hiyo mjukuu wake mwenyewe ndiye aliyekuwa akioa. "Saumu mwanangu," akaniambia, "kesho alasiri tuna mchele kwangu. Mamako magoti yanamsumbua, njoo wewe badala yake."

Sasa hapo majibu yalikuwa mengi. Ningesema inshallah (na Mombasa kila mtu aijua ile inshallah ya kutokuja, na hakuna anayeumia). Ningesema nina kazi, na kweli nilikuwa nayo. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimesoma posti ya mtu juu ya kulinda muda wako, kichwa kimenivimba, nikamkazia macho mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, nikamwambia, "Hapana, Bi." Akasimama kidogo akingoja neno liendelee, halikuendelea, akasema, "Haya, mwanangu," akageuka kwenda zake. Na mimi, alipofika mlangoni na mwanga wa nje umemwangukia vizuri, nikainua simu nikampiga picha mgongo.

Niliandika hivi: Kuna watu wanakula maisha yako huku wanakuita mwanangu. Hawaombi. Wanaamuru. Muda wako si mchele wa kuchambuliwa na kila mtu (mstari huo niliupenda mpaka nikajipigia makofi pale dukani peke yangu). Hapana ni jibu tosha.

Jamani, iliwaka! Kabla sijafunga duka imeshafika Likoni na Changamwe, kesho yake imefika Nairobi, watu wanaandika dada umenifungua macho, dada huyu ni mamangu mdogo kabisa, mwanamke mmoja wa Miritini akasema amemkatia simu shemeji yake kwa ajili yangu. Maelfu ya mioyo! Nilitembea Kisauni shingo juu, nikidhani kila anayenitazama ananihusudu.

Nilikuwa nimejiambia mgongo hauna jina. Kumbe Bi Rukia alikuwa amejitanda leso, na leso ina maandishi, na maandishi yameonekana kwenye picha herufi kwa herufi: AKUFUKUZAYE HAKWAMBII TOKA. Mtaani kwetu leso ile anayo yeye peke yake. Siku ya pili tu mtu akaandika chini ya posti, "Huyu si Bi Rukia wetu?" Hapo mtu mwenye akili angeifuta. Mimi nikamjibu, "Hatusemi jina, twasema tabia," nikaweka na alama ya misuli.

Harusi ya mdogo wangu Zuhura ilikuwa wiki tatu mbele. Sasa nieleweni vizuri hapa. Mamangu amechambua mchele wa mtaa ule tangu sijazaliwa, hakuna bibi harusi pale ambaye vitunguu vyake havikumtoa mamangu machozi, na hii ndiyo ilikuwa zamu yake ya watu kuja kwake. Aliisubiri siku ile kuliko bibi harusi mwenyewe. Na habari za posti hakuwa nazo, simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, na watu walimwonea haya kumwambia.

"Nenda kwa Bi Rukia," akanituma, "kamwambie atuitie watu Ijumaa."

Nikasema nishakwenda. Uongo mtupu! Nilichofanya ni kutengeneza kadi kwenye kompyuta ya dukani, maua pembeni, herufi za dhahabu, nikaitia kwenye grupu la wanawake wa mtaa. Wakaipa madole gumba ishirini na sita. Mimi, mtaalamu wa mtandao, nikaenda jikoni nikahesabu vikombe ishirini na sita.

Ijumaa baada ya alasiri mikeka imetandikwa uani, nyungo zimepangwa, magunia mawili ya mchele yamefunguliwa, gunia la vitunguu limetoka Kongowea, kahawa imo kwenye birika na mahamri yamefunikwa kawa. Mamangu amekaa kitini, amevaa leso mpya, anatazama mlango. Hakuna aliyekuja. Tukangoja, mahamri yakapoa, na kila tukisikia viatu nje mamangu alijiweka sawa, na viatu vikapita.

Mwishowe akachungulia Mama Salim, wa nyumba ya pili, anakwenda zake dukani. "Mbona peke yenu?"

"Twawangoja nyinyi," nikasema. "Kadi hukuiona?"

"Niliiona. Nzuri, mashallah. Nikaipa dole."

"Basi karibu ndani."

"Hapana," akasema.

Nikangoja neno liendelee. Halikuendelea. Akaenda zake.

Mamangu akageuka. "Ana nini Mama Salim?" Zuhura alikuwa kajilaza kwenye mkeka, mikono na miguu imejaa hina mbichi, hawezi kushika kitu, lakini ulimi hauna hina. "Msomee, Saumu," akasema. "Msomee mwenyewe."

Nikasoma. Posti ile ile iliyonipandisha juu, niliisoma kwa sauti mbele ya mamangu na magunia mawili ya mchele, na nilipofika kwenye ule mstari wangu mzuri wa muda si mchele, nikausoma haraka haraka. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu, mnanijua. Alisema taratibu, "Umenivua nguo, Saumu. Na kesho watu mia tatu watanikuta hivyo." Akauinamia ungo, akaanza kuchambua peke yake, chembe moja moja.

Nikavaa buibui nikatoka mbio. Bi Rukia nilimkuta barazani kwake, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba." Hakuinua macho.

Nikamwaga yote, samahani, nimekosa, shetani, ujana (nina miaka thelathini na mbili, lakini nilisema ujana), mamangu hana kosa. Akamaliza kifuu kizima ndipo akasema.

"Kukataa si neno. Watu hunikataa kila siku, na nyumba nyingine nikitoka nasikia komeo. Ila kwa nini umenipiga mgongo? Ungenipiga uso ningejua wanisema, nikakujibu."

Nikamsogezea kifuu kingine.

"Na walioyapenda maneno yako wangapi?"

"Elfu nyingi, Bi."

"Waite basi," akasema, "waje wakuchambulie mchele."

Wallahi niliona ardhi inanikataa. Halafu akainuka, akakung'uta machicha, akaingia ndani, akatoka amejitanda leso ile ile. "Utabisha wewe. Utaalika wewe, kwa mdomo wako. Mimi nitakuwa nyuma yako, na mgongo wako nitauona vizuri."

Basi tukatoka. Nyumba ya kwanza nikasalimu, nikaalika, mwenye nyumba akanisikiliza mpaka mwisho, akasema "Hapana," akafunga mlango, ndani nikasikia kicheko cha watu watatu, mlango ukafunguka tena, "Haya twaja." Nyumba ya pili vivyo hivyo. Ya tatu wakanitaka nirudie, eti hawakusikia. Nikakasirika, nikasema sasa basi, mimi si kichekesho cha mtu, nikageuka kwa hasira niondoke, mguu ukaingia kwenye mtaro wa maji machafu mpaka gotini. Kiatu kikabaki humo! Nikainama kukivuta, kikakataa, nikakivuta tena kikatoka ghafla nami nikakaa kitako mtaroni, mwenye kadi za herufi za dhahabu. Mama Salim alikuwa amesimama hapo simu juu, hata mkono haumtetemeki.

"Tumeshindwa, twende nyumbani?" akauliza Bi Rukia nyuma yangu.

Nikawatazama wote wale mabarazani, wanacheka mpaka wanashikana, na sijui nini kilinipata, hasira ikanigeukia ikawa ukaidi. "Hatuendi," nikasema. "Zimebaki nyumba kumi na tisa." Na nikazibisha zote, na tope langu, kiatu mkononi, shikamoo moja moja, na kila mlango nikataja jina la mamangu na siku aliyokwenda kuwachambulia wao. Hapo vicheko vikapungua. Vikombe ishirini na sita havikutosha, ilibidi tuazime.

Mamangu alipowaona wanaingia uani akawa anafuta macho na kusema ni vitunguu, na vitunguu vilikuwa bado gunia zima havijaguswa. Bi Rukia akaketi karibu naye. Vitunguu vyote akaagiza nipewe mimi.

Kesho yake watu mia tatu walikula wakashiba, na Mama Salim akaiweka video, na juu yake kaandika, "Hapana ni jibu tosha." Ikavuma kuliko kila nilichowahi kuandika maishani, maana mtu mbaya safari hii alikuwa na sura, tena ina matope. Wakaniandikia nifunge ukurasa, nijifiche, nijionee aibu. Nijifiche kwa lipi? Posti ya mgongo wa Bi Rukia niliifuta Ijumaa ile ile, sikungoja kuambiwa, na hiyo ya mtaroni nikaichukua nikaiweka mwenyewe kwenye Nafsi Mpya, juu kabisa, kila anayeingia aanze nayo. Uso wangu nauchezea ninavyotaka. Mgongo wa mtu sitaugusa tena mpaka naingia kaburini.

Wala msidhani nimefundishwa kusema ndiyo. Juzi Bi Rukia kaja dukani, kuna shughuli Bamburi kwa watu wake, wanataka mikono kesho yake mchana. Nikamtazama usoni nikamwambia, "Hapana, Bi. Mchana niko kazini, na mwenye duka hayupo."

Akanitazama na yeye. "Hapo umesema vizuri," akasema, akaenda zake, nami nikajisikia mtu mzima kweli kweli.

Kesho yake saa sita akarudi na kapu, akaliweka juu ya mashine ya kopi. Thomu tupu, limejaa pomoni. "Hapana yako nimeisikia," akasema. "Kisu kimo humo ndani." Nikamenya mpaka jioni, vyeti vya watu vikatoka vinanuka thomu, na simu nikaiacha kwenye droo.