Maharage ya Mama Mkwe na Maji ya Kisima

Mume wangu alichimba kisima kabla hatujapiga lipu. Tulikuwa tunahamia Buswelu, kwenye mtaa ambao bomba la mjini lilitoa maji siku lilipojisikia, naye akasema yeye hatamtegemea mtu kwa maji. Wachimbaji walipasua mwamba siku tatu, maji yakaruka, majirani wakapiga makofi. Akapeleka chupa ya maji hayo maabara, na majibu yaliporudi akayatia kwenye fremu na kuyatundika sebuleni, juu ya picha yetu ya harusi. Karatasi ilisema maji ni salama. Chini kabisa ilisema pia kwamba ni magumu sana, lakini sehemu hiyo ilifunikwa na fremu.

Ugumu wenyewe niliujua mimi ninayefua. Sabuni ilikataa kutoa povu. Glasi zilikauka na madoa meupe, na birika likaota magamba ndani mpaka ukilitikisa linalia. Nikilalamika, mume wangu alinieleza kwamba hayo ni madini, na kwamba kuna nchi watu wanayanunua kwenye chupa. Yeye ni mhasibu wa kiwanda kule Nyakato, ana vyeti viwili, na ukibishana naye analeta karatasi. Dirisha la jikoni kwetu linaonyesha kipande cha ziwa. Nilikuwa nalitazama ziwa lile huku nikisugua kola ya shati lake kwa sabuni isiyo na povu, na nilikuwa na hasira.

Hapo ndipo mama yake aliposema anakuja.

Alikuwa hajawahi kufika kwetu. Mimi ni Msukuma; yeye ni Mhaya wa kijiji cha karibu na Bukoba, na alipoambiwa kwamba mwanawe anaoa Usukumani aliuliza, kwa upole kabisa, kama kule tunajua kuwa ndizi ni chakula au tunadhani ni tunda. Harusini alikuja, akaondoka kesho yake. Kwa miaka sita iliyofuata mguu wake uliuma kila tulipomwalika. Sasa mguu ulikuwa umepona na anakuja wiki mbili. Nilitaka anikubali. Nalisema hili wazi kwa sababu wakati ule nilijifanya sijali, huku nimeshanunua mapazia mapya.

Alishuka melini na mkungu wa ndizi na mfuko wa maharage ya shamba lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Maharage haya ni laini, hayana usumbufu. Yanajiivia yenyewe."

Jumapili nikayapika. Niliyaloweka tangu Jumamosi, nikayabandika mapema, tukaenda misa tukarudi, nayo bado yalikuwa kama kokoto. Nikaongeza mkaa. Saa nane watu wana njaa, nikatia ndizi nikitumaini vitaiva pamoja. Ndizi ziliiva, zikapondeka, zikawa uji, na maharage yakaogelea humo yakiwa mazima kama yalivyotoka Bukoba. Magadi nisingeweza kutia, maana alishanieleza njiani kwamba magadi ni ya wapishi wavivu. Sufuria la presha alilitazama mara moja akasogea mbali nalo. Alikula vijiko vitatu, akasikika akitafuna, akasema, "Asante, mwalimu. Pole na kazi." Kisha akatoka uani na simu yake, akaongea Kihaya kwa muda mrefu.

Kihaya changu ni cha kuombea chumvi, lakini sauti ile haikuhitaji mkalimani.

Jumatatu nilibeba kiganja cha maharage hayo hadi shule ninayofundisha, Kirumba, nikampa mpishi wa shule anipikie. Ni mama wa Kijita mwenye maneno machache. Kabla ya saa sita aliniita jikoni, akayabonyeza kwa vidole viwili, yakapondeka kama siagi.

"Unatumia maji ya kisima nyumbani?" akaniuliza. "Basi utapika mpaka Krismasi. Haya ni ya bomba, ya ziwa. Chota ukajaribu."

Ziwa lile lile ambalo wote tunalisema kwa uchafu, tunalimwagia kila kitu, kisha tunalitia dawa mpaka linanuka kama hospitali, ndilo lilikuwa linaivisha maharage. Na maji yetu, masafi yenye fremu, yalikuwa yanayafanya mawe. Jioni hiyo nilirudi Buswelu na dumu la lita ishirini kwenye buti ya kigari changu, nikalimimina kwenye ndoo yenye kifuniko na kuisukuma chini ya meza ya jikoni. Sikumwambia mtu. Mume wangu angeleta karatasi, na mama mkwe angesema natafuta kisingizio.

Jumanne maharage yaliiva. Jumatano mama mkwe aliongeza sahani. Alhamisi alisema, "Leo umepika," na mume wangu akadakia kwamba kweli, madini yanaleta ladha. Nikampakulia tena. Nilikuwa nasifiwa, na sifa ni tamu hata ukijua zimetoka kwenye dumu.

Jumamosi ya wiki ya pili nilikwenda kuwafundisha darasa la saba. Niliporudi saa tisa nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, kanga imemteleza begani, uso umejaa majivu. Alitaka kumpikia mwanawe kwa mkono wake kabla hajaondoka. Alikuwa amechota maji kisimani, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Maharage yalikuwa motoni tangu asubuhi.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu, nikafurahi mpaka nikaogopa uso wangu utanisaliti.

"Mwalimu," alisema, "haya nimeyalima mimi. Nina miaka hamsini napika maharage. Leo yamenikataa."

"Labda moto ulikuwa mdogo, mama," nikasema.

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu. Akayakoroga kidogo, akaweka mwiko chini.

"Kwako yanaiva. Mimi mikono imekwisha. Baba yake alipofariki niliwaambia wanangu kwamba bado nina nguvu, ninajipikia, nisihamishwe kwangu. Kumbe najidanganya. Nikirudi nitawaambia waje wanichukue."

Alikuwa analia bila sauti, kwa utulivu, kama anayetimiza wajibu. Furaha yangu iliniishia pale pale na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nilipiga magoti, nikavuta ile ndoo kutoka chini ya meza, nikafunua kifuniko.

"Mama, mikono yako haina kosa. Mimi napikia haya. Nayatoa shuleni, Kirumba. Maji ya kisima hayaivishi maharage. Hata mimi yalinikataa ile Jumapili, na sikujua kwa nini."

Alichota kikombe, akanusa, akaonja.

"Ya ziwa haya."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi siku ile nilimwambia dada yangu kwamba mwanangu ameoa mtu asiyejua jiko." Akaanza kucheka, machozi yakiwa bado mashavuni. "Mwanangu anajua habari za kisima chake?"

"Hataki kusikia."

"Basi asisikie. Baba yake alijenga choo kikatazama mlango wa sebule. Kila mgeni alikiona, na hakuna aliyemwambia. Tulikaa nacho miaka ishirini."

Tulimwaga yale maharage. Kuku wa jirani waliyadonoa, wakayaacha. Tukabandika mengine kwa maji ya ndoo, na yalipokuwa yanachemka alimpigia dada yake. Kwa Kihaya changu kidogo nilisikia akitaja jiko, akitaja mke, akisema amekosea. Nilitoka uani nikajifanya naanua nguo, maana nilikuwa nalia. Jioni mume wangu alikula sahani mbili, akatueleza tena habari za madini. Mama yake alimwitikia kwa heshima zote.

Jumatatu asubuhi, ndoo ikiwa tupu, nilimkuta amesimama kando ya gari, amevaa vizuri, dumu kila mkono. Mume wangu alikuwa getini anafuta pikipiki yake.

"Mnakwenda wapi na madumu, mama?"

"Kanisani," alisema mama mkwe wangu, mjumbe wa jumuiya, rozari shingoni. "Padri anagawa maji ya baraka."

Lita arobaini. Akanishika mkono, akaniingiza kwenye gari langu mwenyewe. Mwanawe, mwenye vyeti viwili, alitufungulia geti na kusema tusimsahau kwenye sala.