Orodha ya Bwana Whitcomb

Bwana Whitcomb alipobisha kwa mara ya tatu, Verlin Hudak alimtambua kwa ule ubishaji wake tu: mara mbili, kimya kidogo, kisha mara moja. Ubishaji wa mtu mwenye adabu zake. Verlin alimchukia kwa adabu hizo kabla hata hajaugusa mlango.

"Habari za mchana, bwana," alisema mgeni, kofia mkononi. "Bi Darla yupo?"

"Mimi nipo."

"Naona, naona. Nafurahi kukuona tena. Na Bi Darla?"

Ni hiyo "na Bi Darla" iliyomkereketa. Whitcomb alikuwa mwalimu mstaafu wa historia kutoka upande wa juu wa Dunmire, mgane, koti la sufu la kijivu, viatu vinavyong'aa hata siku ya matope. Tangu Septemba alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwaombea kura wagombea wa bodi ya shule na wa kaunti. Nyumba kwa nyumba, tunasema tu. Ukweli ni kwamba aliziruka nyumba nne mfululizo, akapanda ngazi za Hudak, akaziruka nyingine sita. Verlin alimhesabia akiwa nyuma ya pazia la sebuleni. Na mara zote mbili za kwanza Darla alitoka nywele zikiwa bado mbichi, akasimama naye kibarazani dakika ishirini, akacheka. Kile kicheko Verlin alikuwa hajakisikia siku ya kazi kwa miaka, na sasa alikisikia akiwa upande wa pili wa kioo.

Aliona wivu. Hakuuita jina jingine, na wala mimi sitauita.

Hakuwa mtu mbaya, Verlin. Miaka ishirini na saba alifanya kazi kwenye tanuri la kiwanda cha kioo, akaacha huko ncha ya kidole cha shahada, na tanuri lilipozimwa akarudi nyumbani na saa ya ukutani ya kuagwa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Mwaka huohuo Darla, aliyekuwa keshia wa duka kubwa la vyakula, alimaliza masomo ya uuguzi aliyoyaanza akiwa na arobaini na sita. Miaka yote mitatu ya masomo hayo ni Verlin aliyerudi kutoka zamu na kupika kabichi na tambi, na ni Verlin aliyeshika kadi zake za kujifunzia majina ya mifupa mezani na kumuuliza mmoja mmoja, mpaka yeye mwenyewe akaijua mifupa ya kifundo cha mkono yote minane. Darla alipata shahada. Sasa aliingiza nyumbani mara mbili ya kile alichowahi kuingiza mumewe. Verlin aliwaambia watu anajivunia, na alijivunia kweli, siku tano katika saba.

"Darla yuko kazini," alimwambia Whitcomb. "Kwani unamtakia nini mke wangu?"

"Kura yake tu, bwana."

"Mbona huombi yangu?"

Mzee wa watu alitazama viatu vyake. Halafu, kwa kuwa alikuwa mwalimu na uongo haukumtoka vizuri, akageuza ubao aliobania karatasi ili Verlin asome mwenyewe. *Hudak, Darla. Mwanamke. 54. Shahada ya chuo. Mshahara wa kati na zaidi. Alama: 58.*

"Hamsini na nane ya nini?"

"Kati ya mia. Maana yake hajakaa sana huku wala kule. Kina mama wa umri huu, waliosoma, waliopata kazi nzuri ukubwani, wengi wao siku hizi wanahamia upande wetu. Si wote. Ndiyo maana tunakuja kuzungumza nao."

"Na mimi alama yangu ngapi?"

"Wewe hukuandikwa, Bwana Hudak."

"Sikuandikwa vipi? Napiga kura tangu nina miaka kumi na minane! Sijakosa hata mwaka mmoja!"

"Hilo wanalijua." Whitcomb aliizungusha kofia yake. "Mwanaume, karibu sitini, hakwenda chuo, mtu wa kiwandani. Kompyuta inasema tukibisha kwako tutapoteza dakika zetu. Samahani, si mimi niliyeipanga. Wenzako wa upande ule hawajakutembelea?"

"Hawajawahi."

"Basi na wao wanakujua. Wana hakika nawe."

Verlin alifunga mlango polepole. Watu wa Whitcomb walikuwa wamemkatia tamaa, wa upande wake mwenyewe walikuwa wamemtia mfukoni, na katika kaunti nzima hakuna aliyeona haja ya kumwambia "tafadhali." Alikaa kwenye kochi na buti zake, jambo ambalo Darla hakuliruhusu.

Kesho yake alimsimulia Merle, kinyozi wake, akitarajia huruma. Merle alizima mashine ya kunyolea ili acheke vizuri.

"Kumbe roho inakuuma kwa sababu hukubembelezwa! Mtu mzima na mvi zako unamwonea wivu mkeo kwa mzee mwenye karatasi!"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyohivyo. Kajipake manukato, Verlin, usimame kibarazani. Labda atakuonea imani."

Kwa miaka ishirini na tisa Verlin na Darla walikwenda kupiga kura pamoja, kwenye ukumbi wa zimamoto. Wakitoka walinunua pierogi, vile viandazi vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, kwa kina mama wa kanisa, wakazila ndani ya gari vioo vikifuka mvuke, na Darla angeuliza, "Sawasawa?" Verlin angejibu, "Sawasawa." Basi. Hawakuwahi kutajiana jina la mgombea. Verlin aliamini hakukuwa na haja. Kitu pekee alichokisema, na alikisema kila mwaka, ni kwamba Mama Troutman, msimamizi wa kituo, alikuwa mzito wa kutafuta majina, na kwamba yeye Verlin angekaa pale mbele foleni ingekwisha kabla pierogi hazijapoa.

Mwaka huu Darla alikuwa na zamu ya saa kumi na mbili mfululizo siku ya uchaguzi, kwa hiyo akaomba karatasi ya kupiga kura kwa posta. Aliijaza mezani Jumatano jioni, mkono wa kushoto umeizunguka karatasi kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Verlin alipita mara ya kwanza kuchukua maji. Alipita mara ya pili kuchukua maji.

"Una kiu leo," Darla alisema bila kuinua kichwa.

"Unaficha nini?"

"Kura ni siri, Verlin. Imeandikwa mpaka kwenye bahasha."

"Hata kwangu?"

"Kwako hasa," akasema, akacheka. Kicheko kilekile cha kibarazani.

Akaikunja karatasi, akaitia kwenye ile bahasha nyeupe ya siri, akaifunga kwa gundi, akaitia ndani ya bahasha ya nje, akatia sahihi. Kila mtu Dunmire anajua kwamba kura ya posta isiyokuwa ndani ya bahasha yake ya siri haihesabiwi. Wanaiita kura ya uchi, na wengi wamepoteza kura zao hivyo kwa kusahau tu. Darla hakuwa msahaulifu. Akaiegemeza kwenye kopo la mkate, aipeleke mwenyewe mahakamani, kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti, Ijumaa, siku yake ya mapumziko.

Alhamisi Verlin alibaki peke yake na bahasha ile. Alifua. Alitoa majani kwenye mifereji ya paa. Saa nane mchana akabandika birika, akijiambia anataka chai, na chai yenyewe hajawahi kuinywa maishani mwake.

Bahasha ya nje ilijiachia kwa mvuke bila matata. Ile ya siri ilikataa. Akaivuta, ikachanika kuanzia pembeni hadi katikati, na kwa kuwa ilikwisha chanika akaona heri aitoe karatasi.

Bodi ya shule: watu wa Whitcomb, wote watatu. Halmashauri ya kaunti: mmoja wa Whitcomb, mmoja wa upande wa Verlin, maana palikuwa na nafasi mbili. Hamsini na nane kati ya mia, kweli kabisa! Ile kompyuta ilimjua mkewe kuliko yeye. Uso ulimwaka moto. Hivyo ndivyo vicheko vya kibarazani, basi. Mzee alisimama dakika ishirini akaondoka na kura nne kati ya tano, na mume aliyeshika kadi za mifupa hakuambiwa neno.

Ndipo likamjia wazo, na lilimjia kwa utulivu. Atupe bahasha ya siri kwenye pipa la taka. Airudishe karatasi peke yake ndani ya ile ya nje, aifunge kwa gundi, aiegemeze palepale kwenye kopo la mkate. Darla ataipeleka kwa mikono yake mwenyewe, na huko itawekwa kando pamoja na kura nyingine za uchi. Whitcomb na kompyuta yake wataikosa. Verlin alichukua gundi. Akaigeuza karatasi ili aikunje, na hapo akaona kwamba nyuma kulikuwa na maandishi.

Ilikuwa ni nafasi ya mwisho kabisa, msimamizi wa kituo cha kupigia kura, wadi ya pili ya Dunmire. Mama Troutman alikuwa amestaafu na hakuna aliyejitokeza kugombea. Palikuwa na mstari mtupu wa kuandika jina, na Darla alikuwa ameandika, kwa herufi zake za kiuguzi zilizosimama wima ili daktari asikosee: VERLIN J. HUDAK.

Alikaa chini. Birika lilikuwa bado linapiga kelele, na ilimchukua muda kukumbuka kulizima.

Darla aliporudi jioni alikuta meza imeandaliwa bila sahani. Karatasi yake, bahasha nzima, bahasha iliyochanika, na mumewe ameketi upande wa pili.

"Nimeifungua," Verlin alisema.

Darla hakuvua koti. "Umesoma?"

"Nimesoma."

"Na nyuma?"

"Na nyuma."

"Kwa nini, Verlin?"

"Kwa sababu yule mzee anakuja kwako. Kwa sababu wanakuandika wewe na mimi hawaniandiki. Nilikuwa na wivu, Darla. Bado ninao. Nilitaka kuiharibu kabisa usijue, halafu nikaona jina langu."

"Yaani usingeona jina lako ungeiharibu."

Verlin alitaka kusema hapana. "Ndiyo," akasema.

Darla alikusanya karatasi zake, hata vipande, akavitia kwenye mkoba. "Wivu juu ya Whitcomb ningeucheka," alisema. "Mzee wa watu ananisimulia habari za paka wake. Lakini hii ilikuwa yangu. Kitu kimoja ndani ya nyumba hii ambacho ni changu peke yangu." Akaenda kuoga, na maji yalimwagika muda mrefu.

Alibadilishana zamu na mwenzake, akalipa kwa kukubali zamu ya sikukuu. Jumanne, siku ya uchaguzi, walikwenda ukumbi wa zimamoto kwa gari moja. Darla alikabidhi karatasi iliyoharibika na bahasha zake, zikafutwa mbele ya macho yake, akapewa nyingine, akaingia kwenye kibanda. Alikaa humo muda mfupi kuliko desturi. Verlin aliingia cha jirani. Alizijaza nafasi zake kama alivyozijaza siku zote, kama kompyuta ilivyotaka. Alipofika kwenye mstari mtupu wa mwisho, aliishika kalamu kwa kile kidole kifupi, akaandika DARLA HUDAK. Hakujua njia nyingine ya kuomba radhi ndani ya kibanda.

Pierogi walinunua. Verlin alisubiri Darla aulize kama ni sawasawa, mpaka zikapoa.

Barua ilikuja wiki ya kwanza ya Desemba kutoka mahakamani. Ilikuwa na jina la Darla, kama kawaida ya barua za nyumba ile. Aliisoma amesimama karibu na jokofu, akairudia, akaiweka mezani mbele ya mumewe.

"Nimechaguliwa," alisema. "Msimamizi wa kituo, miaka minne. Kwa kura moja."

"Moja?"

"Nyingine zote zilikuwa tupu, wanasema, au za mzaha. Kuna mtu amemwandika mbwa wake." Alimtazama. "Ni wewe."

"Ni mimi." Verlin alijikuta anatabasamu kama mtoto, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Kisha tabasamu likamkauka mdomoni, kwa sababu alikuwa ameanza kupiga hesabu. Kura moja. Ile aliyoiandika yeye, kwa Darla. Aliipitia barua yote kwa kidole, mstari kwa mstari, akitafuta kura nyingine moja, yenye jina lake.

"Mimi simo," alisema.

"Humo."

"Lakini uliniandika. Nililiona jina langu, Darla, kwa macho yangu."

"Nilikuandika mara moja," Darla alisema. "Ukaifungua."

Akaichukua barua, akaibandika kwenye jokofu kwa sumaku, kisha akamwuliza kama kabichi ipo au aende dukani.