Nyonga ya Mwalimu Mwanasiti

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali kubwa, Daktari Mkuu alinionyesha chumba chenye kitanda kimoja na magongo, akasema, "Mishi, kazi yako ni viungo. Vichwa tuachie sisi." Nilikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, yaani mtu wa kuurudishia mwili mwendo wake. Nilimtii miaka mingi, hata nilipohamishiwa zahanati za Vanga kisha Kikoneni, nikinyoosha magoti ya wakulima na migongo ya wavuvi.

Niliporudishwa hospitali kubwa, nilianza kuletewa wanawake waliokatwa titi na kumaliza dawa kali za saratani, zile za kutundikiwa mshipani. Waliletwa kwa sababu ya bega lililokaza au mkono uliovimba. Lakini wengi walikuwa na kilio kingine: wanasahau.

Mmoja wao, Mwalimu Mwanasiti wa Bodo, alikuwa amesomesha Kurani kijiji kizima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akateremsha sauti.

"Mwanangu, juzi nimeanza Yasini mbele ya watoto, ikanikatikia. Nikajifanya nakohoa. Je, nimerukwa na akili?"

"La, mwalimu. Ni ugonjwa na zile dawa."

Nilimweleza Daktari Mkuu mpya kilio hicho, nikaomba niwafanyishe mazoezi ya kutembea. "Ashukuru yu hai," akanijibu, akaendelea kuandika. Muuguzi Mkuu ndiye aliyenifuata ukumbini. "Watembeze. Wakiuliza, sema nimekuruhusu mimi."

Nilikuwa nimesoma kwamba mazoezi ya kuhema, kama kutembea haraka kwa kiasi ambacho mtu aweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, huenda yakasaidia akili. Niliwaambia "huenda", nisiongeze neno. Wanawake watano walizunguka ua wa hospitali nami, asubuhi tatu kwa wiki, nikiwashika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo ya moyo. Mwanasiti alilikunja buibui lake kiunoni akatangulia.

Miezi ilipita. Asubuhi moja alianza Yasini kwa sauti ya chini, vipande vipande kwa kuhema, akaifikisha mwisho. Wenzake walilia huku wakitembea. Mwanasiti alirudi chuoni kusomesha watoto Kurani.

Kisha akaanza kulalamika nyonga. Niliibonyeza, nikamwambia ni misuli imechoka, apunguze mwendo. Wiki ya pili nikamkanda. Wiki ya nne alikuja ameshikiliwa na bintiye, ndipo nikampeleka apigwe picha. Saratani ilikuwa imeingia mfupani.

Nilikwenda Bodo kumwomba radhi. Alikuwa amelala ubavu, sauti imefifia.

"Nimekuwia radhi," akasema. "Ila wenzangu usiwaache wakakaa."

Hakuifikia Ramadhani. Nilirudi uani na wale wanne. Wawili walipata nafuu ya kumbukumbu, mmoja hakupata lolote, na mmoja alihamia kwa wanawe bara, nikapoteza habari zake.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi hii hunijia na madaftari, wakiuliza kama kutembea kunaponya akili. Nawaambia nililoliona, nao huandika haraka haraka. Kisha nawaeleza wiki nne nilizosema nyonga ile ni misuli tu, na hapo kalamu husimama. Nawaambia waandike na hilo.